Kiendeshi Gani cha Diski Kinafaa Nyumbani?

SWALI: Mhariri, nina DVD za harusi za jamaa zetu na CD za taarab zilizokusanywa na wazazi wangu, nami ningependa kuzihamishia kwenye kompyuta yangu ya mezani, ambayo haina kiendeshi cha diski. Dukani nimeshauriwa ninunue cha Blu-ray kwa kuwa ndicho cha kisasa. Je, nikubali? Na je, nichukue cha kufungwa ndani au cha nje?
Msomaji, Likoni, Mombasa

JIBU: Dada yetu, kinachoamua ni diski ulizo nazo. Kiendeshi cha kawaida cha kuandika DVD husoma CD za MB 700, DVD za tabaka moja za GB 4.7 na za tabaka mbili za GB 8.5, kwa hiyo kitakutosha kabisa. Cha Blu-ray nacho huzisoma hizo, lakini utakilipia zaidi kwa ajili ya diski za GB 25 au 50 ambazo humiliki hata moja. Pesa utakazookoa, nakusihi, zitie katika diski kuu ya nje ya kuhifadhia nakala ya pili.

Cha ndani huhitaji nafasi ya inchi 5.25 mbele ya kompyuta pamoja na kebo ya SATA, yaani ile inayounganisha kiendeshi na ubao mkuu ndani ya kompyuta, na kompyuta nyingi za sasa hazina nafasi hiyo. Mimi ningechukua cha nje cha USB, ambacho hata laptopu hukitumia. Kichomeke kwenye kompyuta yenyewe, si kupitia kifaa cha kugawa matundu ya USB, kwani kikikosa umeme wa kutosha, diski huzunguka kidogo, husita, kisha huambiwi lolote ila kwamba hakuna diski.

Usivutwe na kasi iliyoandikwa kwenye boksi, kwa maana diski iliyochakaa husomwa polepole hata hivyo. Afadhali uende dukani na DVD yako moja yenye mikwaruzo, uombe inakiliwe yote hadi mwisho: data huanzia karibu na kitovu kuelekea ukingoni, na ukingoni ndipo vidole hushika, kwa hiyo diski inayofunguka vizuri huweza kukwama sehemu ya mwisho. Kabla ya hapo ipanguse kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, usizungushe.

Anza na DVD za harusi. Hizo zilichomwa, yaani ziliandikwa kwa leza, kwenye tabaka la rangi maalumu inayofifia kwa joto, mwanga na unyevu, ambavyo pwani yetu haivikosi, ilhali CD zilizochapwa kiwandani hustahimili zaidi.