Maswali ya Spana na Soketi: Someni Saizi, Acheni Kuhesabu Vipande

Nataka seti moja itakayofaa gari lolote. Nimeona ya vipande 94 na ya vipande 216. Nichukue ipi?

Swali hili linarudi kila mara, na kila mara muulizaji hataji gari wala kazi anayotaka kufanya. Idadi ya vipande haikuambii kitu. Fungua hilo boksi la 216 uangalie: biti za bisibisi, funguo za L, na safu nzima ya soketi za inchi ambazo huenda gari lako halina hata nati moja ya kuzivalia.

Soma saizi. Kwa magari mengi unahitaji soketi za milimita kuanzia 8 hadi 19 bila kuruka hata moja, ya 21 kwa nati za magurudumu, na soketi ndefu walau za 10, 12, 13, 14 na 17. Seti inayoruka 16 na 18 itakukwamisha siku utakaposhika gari la Ulaya. Racheti, yaani mpini wa kuzungushia soketi, ya 3/8 ya inchi (kipimo cha mraba unaochomeka kwenye soketi) ndiyo utakayoishika zaidi. Ya nusu inchi ni ya magurudumu na kazi nzito za chini, ya robo ni ya dashibodi na vijisehemu vidogo. Ongeza ekstensheni mbili, fupi na ndefu, na spana zenye mdomo wazi upande mmoja na ringi upande wa pili.

Gari langu ni la Kijapani. Mbona soketi ya 13 haiingii popote?

Boliti ya M8, yaani yenye unene wa milimita 8 kwenye hesi, ambayo kwa Mjerumani ina kichwa cha 13, Mjapani huipa kichwa cha 12. M10 kwake kwa kawaida ni 14. Kwa wengine ni 16 au 17. Kwa hiyo kazi zako nyingi zitaishia kwenye 8, 10, 12, 14, 17 na 19. Usiitupe ya 13, maana vifaa vilivyofungwa baadaye huenda vikaidai.

Pembe sita au kumi na mbili?

Sita. Soketi ya pembe kumi na mbili hushika kichwa cha boliti karibu na kona, mahali palipo dhaifu. Ya pembe sita husukuma zaidi ubavuni. Chukua boliti yenye kutu, ivalishe ya kumi na mbili, chomeka bomba kwenye mpini uvute: kona zinaliwa, kichwa kinabaki duara, na kazi ya dakika kumi inageuka kuwa ya kuchomelea na kutoboa kwa drili. Watu husingizia kutu. Mimi nasema ni haraka. Safisha kichwa kwa brashi ya waya, tia mafuta ya kulegeza kutu, subiri, gonga soketi ikae hadi mwisho, ndipo uvute.

Zipo boliti zilizoundwa na pembe kumi na mbili, hasa kwenye baadhi ya injini na ekseli, na hizo zinataka soketi ya kwao. Kichwa chenye umbo la nyota kwa nje ni Torx ya E. Usikilazimishie soketi ya kawaida eti "inakaribia".

Spana malaya, ile ya kurekebisha upana wa mdomo, haitoshi?

Haitoshi. Mdomo wake hulegea unapovuta, na boliti ndiyo inayoumia.

Soketi zangu za kawaida naweza kuzitumia kwenye mashine ya impakti, ile inayozungusha nati kwa kugonga?

Usithubutu. Zile zinazong'aa za kromu vanadiamu zinaweza kupasuka na kurusha kipande usoni. Mashine inataka soketi nyeusi za impakti, ambazo kwa kawaida ni za kromu molibdenamu. Vaa miwani hata ukiwa nazo.

Nimekaza kwa mkono miaka yote. Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, ya nini?

Mkono haupimi. Plagi ikikazwa kupita kiasi kwenye silinda hedi ya alumini hung'oka na hesi zake, na hapo unatengeneza hedi badala ya kubadilisha plagi. Nati za gurudumu zikilegea, gurudumu hutoka barabarani; zikikazwa mno, stadi, yaani boliti zinazovalishwa nati hizo, huvutika na kukatika. Magari madogo mengi hutaka niutoni-mita 100 hivi, ila namba ya kufuata ni ya kitabu cha gari lako. Kaza kwa kupishanisha nati zinazotazamana, kisha zipime tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Usifungulie nati kwa spana ya toki, na ukimaliza irudishe kwenye namba ya chini kabisa ya kipimo chake.

Naweza kuingia chini ya gari nikitumia jeki iliyokuja nalo?

Hapana. Jeki hiyo ni ya kubadilishia gurudumu tu. Kabla hujaongeza soketi nyingine, nunua stendi mbili zinazobeba uzito wa gari lako, uziweke kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, uyawekee kabari magurudumu yaliyobaki chini, na ulisukume gari kwa mkono kuona kama limekaa kabla hujaingiza kichwa.