Taa ya injini inarudi kila ukipanda Kitonga: usinunue sensa ya tatu

Mkuu, pole. Corolla ya 2003, fundi anafuta taa Uyole, ukipanda mlima Kitonga inawaka tena na msimbo wa hitilafu ni ule ule, P0420. Sensa ya oksijeni ya nyuma umeshabadili mara mbili.

Sensa hiyo ni mjumbe tu. Inachosema ni kwamba masega ya ekzosi (katalisti) hayasafishi moshi inavyotakiwa. Yangu ilinisumbua hivyo miezi kadhaa, kumbe gasketi ya ekzosi ilikuwa inavuja, hewa ya nje inaidanganya sensa. Asubuhi injini ikiwa ya baridi, washa, mwenzio azibe bomba la nyuma kidogo kwa kitambaa kinene, wewe usikilize "fsss" chini. Fanyia nje, moshi ule unaua.

Hakuna uvujaji? Angalia plagi na koili. Silinda ikikosa moto, petroli mbichi inaenda kuungua kwenye masega na kuyayeyusha. Oili inapungua? Basi hata masega mapya yatakufa.

Wapo watakaokwambia uyagonge yatoke. Taa haitazima.

Ikianza kuwaka na kuzima mfululizo huku gari linatetemeka, paki, ila si juu ya nyasi kavu maana masega yanakuwa ya moto, na uite fundi wa umeme wa magari mwenye mashine ya kupimia.