Shokapu za mbele zinarudia kuvuja: tatizo ni sili au bomba?

Swali: Shikamoo fundi. Nina pikipiki ya zamani ya 125, naitumia Tanga mjini hadi Pangani. Nimebadili sili (pete za mpira za kuzuia oili) za shokapu za mbele mara mbili, na kila mara baada ya wiki chache oili inachuruzika tena. Nimeshauriwa niweke oili ya injini, eti nzito haivuji. Niweke?

Jibu: Marahaba. Usiweke. Oili nzito haizibi sili. Inapita kwa taabu kwenye matundu madogo ya ndani, shokapu inachelewa kurudi, na kwenye matuta gurudumu linaacha ardhi. Tumia oili ya shokapu yenye uzito wa 10W. Ukiikosa, ATF ya gia otomatiki inafaa.

Kwako naanza kushuku bomba la kromu, lile linalopita ndani ya sili. Chumvi ya pwani huila kromu ikabaki vishimo. Lifute, kisha pitisha ukucha polepole kutoka kwenye sili kwenda juu, pande zote, hasa mbele panapopigwa na mchanga. Ukucha unapokwama ndipo mdomo wa sili unapochanika kila shokapu inapozama. Kingo zilizochomoza zisugue kwa msasa namba 1000 wenye oili, ukizungushia bomba. Mikwaruzo ya wima hugeuka mifereji ya oili. Kama kromu imebanduka mahali sili inapopita, nunua bomba jingine, maana hata sili ya tatu utaitupa.

Kufungua: legeza nati ya juu bomba likiwa bado limebanwa kwenye pikipiki, na boliti ya alenki ya chini kabla hujatoa springi. Msukumo wa springi ndio unaozuia fimbo ya ndani isizunguke na boliti. Nati ya juu imalizie ukiikandamiza, isije ikakurukia.

Sili mpya ipake oili, uiteremshe juu ya karatasi ya nailoni iliyofunika ncha ya bomba. Upande wa sili wenye springi yake nyembamba utazame chini, kwenye oili. Igonge sawasawa kwa kipande cha bomba la plastiki hadi mfereji wa klipu inayoishikilia sili uonekane wote. Washa ya shaba ya boliti ya chini iwe mpya.

Oili ipime kwa sirinji, kiasi cha kitabu cha pikipiki yako, pande zote mbili sawa. Ukizidisha, nafasi ya hewa inapungua, na shokapu ikizama presha inaisukuma sili itoke.