Maswali na majibu: drafti ya NFL hupimwa mwaka wa tatu

Kila mwaka timu za NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, huchagua vijana wapya kwa zamu katika raundi saba; hiyo ndiyo drafti. Ikiisha tu, wachambuzi wanazigawia timu alama kama za mtihani. Niziamini?

Zisome ujue timu ilikuwa na pengo gani, basi. Mwaka 2012 Seattle Seahawks walimchukua Bruce Irvin katika nafasi ya 15, Bobby Wagner ya 47 na kwotabeki (mrusha pasi anayeongoza mashambulizi) Russell Wilson ya 75. Wapo wachambuzi walioifelisha Seattle kabisa: Irvin, walisema, kachukuliwa mapema mno, na Wilson ni mfupi. Februari 2014 Seattle ikaichapa Denver 43–8 kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, Wilson akiongoza mashambulizi, Wagner akiwa kati ya ngome. Siku ya drafti kinachoweza kupimwa ni bei tu: timu imetoa nini ili impate nani. Uwezo wa kijana mwenyewe unaanza kuonekana msimu wa pili, na kufikia wa tatu una haki ya kutoa hukumu. Mkataba wake wa kwanza huwa wa miaka minne, kwa hiyo hata timu yenyewe huanza kuulizana wakati huohuo kama imwongezee au imwache aende.

Naishi Kansas City. Jirani yangu bado analia kwamba tulimuuza Tyreek Hill, mpokeaji wa pasi. Drafti ya 2022 ililipa?

Ililipa, tena sana, ila tufuatilie mali ilikopita. Machi 2022 Miami walitoa nafasi tano za drafti kumpata Hill: tatu za mwaka ule (ya 29, ya 50 na ya 121) na mbili za 2023. Chiefs, timu ya Kansas City, hawakukaa na zile tatu kama zilivyo. Ya 29 na ya 121, pamoja na yao wenyewe ya 94, waliwapa New England ili wapande hadi ya 21, wakamchukua Trent McDuffie, konabeki (mlinzi anayewakaba wapokeaji). Ya 50 wakaibadilisha na New England hao hao, wakashuka hadi ya 54 na kupewa nyongeza, wakamchukua mpokeaji Skyy Moore.

McDuffie msimu wa 2023 alitajwa katika kikosi bora cha kwanza cha ligi nzima. Moore alifunga tachidauni (bao) yake ya kwanza katika ligi ndani ya Super Bowl ya Februari 2023, ile ya 38–35 dhidi ya Philadelphia, kisha akafifia. Msimu wa 2024 hakudaka pasi hata moja, na mwaka uliofuata akapelekwa San Francisco. Mmoja kapatikana, mmoja kapotea.

Lakini ukiishia kwa hao wawili hujaiona drafti hiyo. George Karlaftis alichukuliwa nafasi ya 30 na mwaka wake wa pili akamwangusha kwotabeki mara 10 na nusu. Walinzi Leo Chenal na Bryan Cook wakawa watu wa kazi katika ngome. Halafu raundi ya saba, wakati watazamaji wengi wameshazima televisheni: Jaylen Watson nafasi ya 243, Isiah Pacheco ya 251. Watson aliwahi kufanya kazi katika mgahawa wa vyakula vya haraka huko Augusta, Georgia, ambao mama yake alikuwa meneja. Septemba 2022 McDuffie alikuwa majeruhi, Watson akaanzishwa dhidi ya Chargers. Robo ya nne, 17–17, Chargers wako mlangoni kabisa, kwotabeki wao Justin Herbert anarusha. Watson anaiwahi pasi ile mbele ya mstari wa bao na kukimbia nayo yadi 99 hadi upande wa pili. Chiefs walishinda 27–24. Pacheco naye alikimbia yadi 76 na kufunga katika ile Super Bowl ya Philadelphia.

Mwambie jirani kwamba Miami nao hawakuibiwa. Hill aliongoza ligi kwa yadi za kupokea mwaka 2023, yadi 1,799. Biashara inaweza kuwafaa wote wawili, ingawa vikombe vilikwenda Kansas City.

Chicago walimwonaje kwotabeki Mitchell Trubisky wakamwacha Patrick Mahomes?

Hili bado linawauma watu wa Chicago, na nawaelewa. Mwaka 2017 walikuwa na nafasi ya 3. Wakatoa hiyo na nyingine tatu wapande ngazi moja tu hadi ya 2, wamchukue Trubisky. Mahomes, ndiye kwotabeki wa vikombe vile vya Kansas City, akachukuliwa ya 10 na timu hiyo, waliopanda kutoka ya 27 kwa kuwapa Buffalo hiyo ya 27, ya raundi ya tatu, na ya raundi ya kwanza ya 2018.

Kosa kubwa la Chicago naliona kwenye bei kuliko kwenye jicho. Kukosea kumsoma kijana humpata kila mtu. Timu nyingine nane pia zilimpita Mahomes. Na tazama malezi: Mahomes alikaa benchi karibu msimu mzima nyuma ya kwotabeki Alex Smith, chini ya kocha Andy Reid. Trubisky aliingizwa uwanjani mwaka huohuo wa kwanza, na msimu ulipoisha kocha wake, John Fox, akafukuzwa. Anayempima mchezaji bila kupima alikopelekwa anamwonea.

Raundi saba, vijana saba. Wangapi wakifaulu niseme drafti ni nzuri?

Kwangu, wawili wanaoanza mechi kila wiki na mmoja wa akiba anayeaminika. Zaidi ya hapo shukuru.

Kuna mtu wa kwetu Afrika aliyewahi kuchaguliwa?

Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Kanada, alichukuliwa na Carolina nafasi ya 8 mwaka 1996. Daniel Adongo wa Kenya hakupitia drafti. Indianapolis walimsajili mwaka 2013 kutoka raga na akacheza mechi chache. Ukitaka kujua mchezaji wa raga anaweza kufika wapi akipewa muda, mtazame Jordan Mailata wa Australia. Hakuwa amecheza mechi hata moja ya mchezo huu Philadelphia walipomchukua nafasi ya 233 mwaka 2018. Februari 2025 alikuwa akilinda upande wa kushoto wa kwotabeki wao walipotwaa Super Bowl.