Mnaoanza ICU (wodi ya wagonjwa mahututi), hiyo 98 kwenye monita isiwadanganye

Wadogo zangu mnaokuja kuripoti huku Mwanza, wengi wenu nawaona mnaikodolea macho monita, saturesheni (asilimia ya himoglobini iliyobeba oksijeni) ikisoma 98 mtu anaandika "oksijeni nzuri" anahamia kitanda kingine. Aisee, hiyo 98 inakwambia tu kwamba himoglobini iliyopo, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, imejaa oksijeni, haikwambii ipo kiasi gani wala moyo unaisukumaje.

Huku ziwani huyu mtakutana naye sana: mvuvi wa Ukerewe au Kome, kichocho cha miaka mingi kimempandisha presha kwenye mshipa unaoingia ini, vena za koo la chakula zimepasuka, katapika damu beseni zima, HB 5, yaani gramu 5 za himoglobini kwa desilita ya damu. Sasa pigeni hesabu, gramu moja ya himoglobini inabeba kama mililita 1.34 za oksijeni, mwenye HB 15 ana karibu mililita 200 kwenye kila lita ya damu, huyu ana 67 tu hata monita isome 100. Ukimfungulia mtungi saturesheni ikatoka 93 ikafika 99, himoglobini yake imeongeza mililita 4 hivi kwa lita, wakati chupa moja ya damu, ambayo kwa mtu mzima hupandisha HB kama 1, inaleta 12 na kitu. Oksijeni mpe, sijasema umnyime, ila sampuli ya krosimachi (kulinganisha damu yake na ya kuongezewa) iwe imeshafika maabara, maana ndugu wa kuchangia wako ng'ambo na feri ina ratiba zake. Drip zitapandisha presha ya damu kweli lakini zinaizimua damu ileile iliyobaki. Na damu yenyewe msijaze kupitiliza, huyu tunalenga HB 7 mpaka 8, ukizidisha ile presha ya mshipa wa ini inapanda na anaanza kutapika upya.

Halafu mshikeni mgonjwa jamani. Bonyeza ncha ya kidole sekunde 10, achia, hesabu, rangi ikichelewa zaidi ya sekunde 3 damu haifiki vizuri huko. Magoti yenye madoadoa kwa ngozi zetu hayaonekani kirahisi, we gusa, ubaridi utausikia. Mfuko wa mkojo pia, mtu wa kilo 60 akitoa chini ya mililita 30 kwa saa, usisubiri raundi ya asubuhi, mwite daktari.

Na yule aliyelala na jiko la mkaa chumbani atakuja na 99 safi kabisa, oksimita, kile kipimo cha kidoleni, haitofautishi kaboni monoksaidi ya jiko na oksijeni, huyo barakoa yenye mfuko, oksijeni ya kutosha, namba achana nayo.