Programu-jalizi ya Java imekusanywa vizuri lakini haionekani

SWALI: Nimeandika programu ya kuhariri maandishi kwa Java 21 yenye moduli tatu: maandishi.api iliyo na kiolesura Kichujio, maandishi.kuu ambayo ndiyo programu yenyewe, na maandishi.herufi ambayo ni programu-jalizi yangu ya kwanza. Zote zinakusanywa bila tatizo. Faili zake za jar nimeziweka katika folda ya mods, nami huiendesha programu kwa java -cp "mods/*" maandishi.kuu.Anza. Programu inafunguka, ila orodha ya vichujio ni tupu na hakuna hitilafu inayotajwa. Je, niongeze requires maandishi.herufi (tamko la kuitegemea moduli nyingine) katika programu kuu?

JIBU: Usiiongeze. Programu kuu ikiitaja programu-jalizi kwa jina, huna tena programu-jalizi bali kipande cha kudumu cha programu. Kutenga kiolesura katika moduli yake, kama ulivyofanya, ndiko kunakoziwezesha pande hizo mbili kukutana bila kufahamiana.

Kosa limo katika amri. Chaguo la -cp huzipeleka faili zote kwenye njia ya madarasa (classpath), ambako Java haiyasomi kabisa maelezo ya module-info, faili inayoielezea moduli, kwa hiyo tamko lako la provides, linalosema kwamba moduli inatoa huduma fulani, ni kana kwamba halikuandikwa. Huko ServiceLoader, darasa la Java linalowatafuta watoa huduma kama programu-jalizi yako, hutafuta faili za META-INF/services peke yake, na isipozikuta hurudisha orodha tupu, kwa kuwa kukosekana kwa mtoa huduma hakuhesabiwi kuwa hitilafu. Ukimya huo ni dalili nzuri: kama ungekuwa kwenye njia ya moduli (module path) na umesahau uses, tamko la kwamba moduli inatumia huduma, ungepata ServiceConfigurationError papo hapo.

Endesha kwenye njia ya moduli, kwa chaguo la -p, hivi:

java -p mods -m maandishi.kuu/maandishi.kuu.Anza

Hakikisha kwamba maandishi.api ina exports maandishi.api, kwamba programu kuu ina requires maandishi.api pamoja na uses maandishi.api.Kichujio, na kwamba programu-jalizi, nayo ikiwa na requires hiyohiyo, inatamka:

provides maandishi.api.Kichujio with maandishi.herufi.HerufiKubwa;

Kwa tamko hilo la uses, Java hupekua njia ya moduli inapoanza na kuijumuisha kila moduli inayotoa huduma hiyo. Darasa HerufiKubwa liwe la umma na liwe na kiundaji cha umma kisichopokea kigezo chochote. Kifurushi chake hakihitaji exports, na ni afadhali kibaki kimefungwa.

Orodha ikiendelea kuwa tupu, andika java -p mods --describe-module maandishi.herufi. Jibu likiwa na neno automatic, faili ya module-info.class haimo ndani ya jar yako, jambo ambalo hutokea mara nyingi watu wanapoifungasha jar kwa mkono. Lipo pia chaguo la --show-module-resolution, ambalo huonyesha kwa neno binds ni moduli ipi iliyounganishwa kwa njia ya huduma, ingawa jibu lake ni refu mno kwa sababu moduli za Java yenyewe nazo zimo.

Kwa mpangilio huu, jar mpya utakayoiweka katika mods itaonekana baada ya kuianzisha programu upya. Kupakia programu-jalizi wakati programu inaendelea kufanya kazi kunahitaji ModuleLayer, darasa la Java la kuongeza tabaka jipya la moduli, na sikushauri uiguse kabla kichujio hiki cha kwanza hakijafanya kazi.