Kufutiwa leseni bila sababu

Pole sana, ndugu, unayeuliza kama mamlaka inaweza kukufutia leseni bila kukupa sababu. Hapana, mamlaka ya serikali hapa Kenya haiwezi kukufutia leseni kwa barua ya mistari miwili tu. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010, pamoja na sheria ya 2015 ya utendaji wa haki serikalini, vinataka upewe notisi, nafasi ya kujitetea na sababu kwa maandishi. Waandikie leo udai sababu hizo, na ubaki na nakala yenye muhuri wao. Wana siku 30 za kukujibu. Wakinyamaza, inachukuliwa kwamba hawakuwa na sababu nzuri, hadi wathibitishe vingine. Hapo ndipo sheria hii ina meno, na wengi hawajui! Ila kama kuna rufaa ya ndani, yaani njia ya kupinga uamuzi bila kwenda mahakamani, anza na hiyo. Ukirukia Mahakama Kuu, huenda kesi ikatupwa.